Jenereta Iliyovaa Vitambaa

Mama alipopunguzwa kazi ya kufagia maofisi mjini, baba zangu wadogo walituma neno kutoka ushago, kijijini kwao: mjane ana kazi gani Nairobi? Arudi, akae kwenye boma la marehemu, alime. Juu juu lilikuwa neno la huruma, lakini ndani yake mlikuwa na amri. Mama akawajibu kwamba atarudi siku atakayoshindwa, na kushindwa bado.

Malipo ya kuachishwa kazi hayakulala nyumbani. Aliyapeleka kwa seremala pamoja na mchoro aliopewa na bwana mmoja wa kilimo, na baada ya muda chumba chetu cha Lindi, huko Kibera, tulichoishi watu wawili, kikapata mpangaji wa tatu: mashine ya kuangulia vifaranga. Usifikirie chuma kinachong'aa. Lilikuwa kabati la mbao lenye mlango wa kioo, balbu ndani, mikebe ya maji ya kuleta unyevu, na kipimajoto kilichoning'inia kwa uzi. Mama alipanga mayai ya kuku wa kienyeji kwenye trei, akawa anayageuza asubuhi, mchana na jioni, polepole, huku akiyasemesha.

Ploti nzima, wapangaji wote wa ua ule, ilicheka. "Kwani kuku wamegoma?" vijana waliuliza wakipita dirishani. Aliyecheka kuliko wote ni mwenye ploti mwenyewe, bibi wa Kinubi aliyezaliwa Kibera na ambaye mama yake pia alizaliwa Kibera. Sisi wapangaji tulimwita Haboba, yaani nyanya kwa lugha yao. Stima yetu ilitoka kwenye mita yake, kwa hivyo alikuwa na haki ya kuchungulia.

"Mama, hii kazi Mungu alimpa kuku," alisema. "Wewe unamnyang'anya, tena kwa stima yangu."

"Si nalipa stima, Haboba?"

"Wewe unalipa. Kuku halipi."

Sasa, aliyeishi Nairobi miaka hiyo ya tisini anaijua stima yake. Ilikuwa kama mume mlevi: huwezi kujua itatoka saa ngapi, wala itarudi lini. Raundi ile ya kwanza, mayai yakiwa yamekaribia kupasuka, ilitoka asubuhi ikarudi kesho yake. Tuliweka jiko la makaa kando ya mashine. Mayai ya upande mmoja yakaiva, ya upande wa pili yakapoa. Mama alipopasua moja kuangalia, alikuta kifaranga kamili, manyoya na mdomo, amelala. Mimi nililia, tena kwa sauti. Yeye hakulia. Aliinama, akavuta kutoka chini ya kitanda sanduku la bati nililokuwa nikienda nalo shule ya bweni, akaliweka kando ya mlango, wazi.

"Imebaki raundi moja," alisema. "Ikikataa, tunapanga nguo humu."

Sanduku likakaa pale. Kila nikitoka kwenda kibandani kwangu kusuka watu nywele, naligonga kwa mguu. Nililichukia lile sanduku, acha tu.

Basi Mama akauza makochi, akaingia mjini kutafuta jenereta, na mimi nyuma yake. Nimeona watu wakinunua vitu maishani, lakini sijaona mtu akinunua kitu kama mama yangu alivyonunua jenereta. Duka la kwanza walimwonyesha mashine kubwa kama meza. "Hii, mama, inabeba friji, TV, pasi, kila kitu!" muuzaji akasema.

"Mimi sina friji," Mama akamwambia. "Nina mayai."

Yule kijana akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye ningemwokoa. Nikageuka kando nicheke.

Mwishowe tukasikia habari za bwana mmoja wa Kawangware mwenye kibanda cha kuonyesha video. Alikuwa amepata jenereta kubwa zaidi na alitaka kuuza ile ndogo ya zamani. Tulipofika, kabla hata ya salamu kuisha, Mama aliweka kiganja juu ya bomba la moshi.

"Hujaiwasha leo?"

"Bado, mama."

"Vizuri. Nataka nisikie ikiamka. Ikishaamka kila moja hujifanya nzuri."

Bwana wa video akacheka, akavuta kamba. Ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika. Hapo Mama akatoa kwenye kiondo balbu zetu wenyewe, zile za mashine ya mayai, pamoja na waya wake, akaomba ziunganishwe. Akakaa kwenye gunia akazikodolea macho kimya, kuona kama mwanga unatulia au unapanda na kushuka. Kiherehere changu kikanishinda, nikamuuliza tunangoja nini. "Yai haliwezi kukwambia kama joto limezidi," akanijibu, bila kuondoa macho. Alipotosheka aliizimisha, akaniambia nishike upande mmoja, yeye akashika wa pili, tukaibeba hadi barabarani na kurudi. Alitaka kitu ambacho wanawake wawili wanaweza kutoa nje na kurudisha ndani bila kumwita mwanamume, maana jenereta ya kulala nje Lindi ingeota mabawa siku hiyo hiyo. Nilimwonea fahari sana. Miezi michache nyuma mtu huyu alikuwa anakabidhiwa ndoo na kitambaa cha kupangusia, hakuna anayemuuliza maoni yake juu ya chochote.

Bwana wa video alitupa maagizo kwa roho safi. Petroli ichanganywe na oili, hivi na hivi. Isiwashwe ndani ya nyumba hata mvua ikinyesha ya mawe, kwa sababu moshi wake unaua mtu akiwa amelala vizuri. Alifungua kabureta mbele yetu akatuonyesha kitundu kidogo, chembamba kama tundu la sindano, ambamo petroli hupita. "Na msiiache ikae," akamaliza. "Hata kama stima iko, iwasheni kila wiki. Petroli ikilala humu ndani inakuwa kama gundi, inaziba hapa."

"Sawasawa," Mama akasema. Tukapakia mkokoteni, tukarudi Kibera kama watu waliotoka kuchukua bibi harusi.

Sasa nikwambie kosa letu, na sidhani kuna watu wengine duniani wangelifanya. Makochi yalikuwa yameuzwa, lakini vitambaa vyake havikuuzwa. Vile vitambaa vya kufuma kwa mkono, vyeupe vyenye ua la waridi katikati, Mama alivifuma kwa miaka saa za chai kazini, na sasa havikuwa na pa kukaa. Jenereta ikavishwa. Kimoja juu ya tangi, kimoja kwenye mpini, na kidogo cha duara pale kamba inapotokea. Ikakaa sebuleni, yaani kati ya kitanda na jiko, imependeza kuliko sisi. Kila Jumamosi Mama aliivua, akaipangusa kwa kitambaa chenye mafuta taa, akaingia hadi kwenye pembe kwa mswaki wa zamani, akaivisha vitambaa vilivyofuliwa. Wageni walikuwa wanaikwepa wakipita.

"Mama, yule jamaa alisema iwashwe," nilimkumbusha.

"Nichome petroli bure na stima iko? Kitu cha maana hakichezewi."

Ningebishana naye vipi? Sisi ndivyo tunavyotunza vitu. Vikombe vizuri ni vya wageni, viatu vizuri ni vya kanisa, na jenereta nzuri ni ya siku ya shida. Na stima, kwa ubaya wake, ikatulia kwa miezi. Mama akangoja apate mayai ya kuaminika, akayaweka, akageuza. Mwezi wa saba ukaingia na baridi yake.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani. Mayai yalikuwa yamebakisha siku mbili tatu. Mama alikuwa hajavua kilemba wakati balbu zilipozimika.

Hakushtuka. Ninakumbuka alitabasamu, kwa sababu siku ya shida ilikuwa imefika na yeye yuko tayari. Tuliitoa nje, akaivua vitambaa kimoja kimoja, akavikunja, akashika kamba akavuta. Kimya. Akavuta tena. Nikavuta mimi, nikavuta hadi bega likaniuma. Kijana wa mlango wa pili akaja, "Niaje, wacha mimi," akavuta kwa mbwembwe mpaka akaketi chini. Haikukohoa hata mara moja. Mama akafungua tangi akanusa, na uso wake ukabadilika. Petroli ilinuka kama rangi ya viatu.

"Imelala," akasema kwa sauti ndogo. "Alituambia."

Niliangalia sanduku la bati pale mlangoni. Na yeye aliliangalia, nilimwona. Halafu akapandisha mikono ya gauni lake la kanisa. "Kimbia ukachukue petroli mpya. Kimbia!"

Nilikimbia na viatu vya kisigino hadi kituo cha petroli ng'ambo ya mtaa wa Ayany, nikarudi nimevishika mkononi. Niliporudi sikuamini macho yangu. Uani palikuwa pamejaa wanawake wameketi chini na kwenye vigoda, wamejifunika leso kama watu walioshikwa na homa, na katikati yao alikuwa Haboba.

Nilikuja kuelezwa baadaye. Haboba alikuwa ametoka kugombeza kelele. Akamkuta Mama amepiga magoti kwenye vumbi, amefungua kabureta, na mashine ya mayai inapoa ndani. Akauliza yamebaki mangapi. Kama sitini, Mama akasema. Haboba hakusema tena habari ya kazi ya kuku. Aliketi kwenye kigoda, akafungua leso kifuani, akasema, "Leteni." Akayapanga mayai ndani ya nguo yake, ngozi kwa yai, akajifunika shuka juu. Kisha akawaita wengine kwa ukali wa mwenye ploti: "Nyinyi mnaangalia nini? Hamna vifua?" Wakaja. Wa kanisani na gauni zao za Jumapili, muuza samaki, na yule mama wa mlango wa mwisho ambaye hakuwa anatusalimia. Wanaume wakafukuzwa uani. Nami mpaka leo nikisikia mtu akidharau watu wa ploti, damu inanichemka.

Mama alimwaga petroli mbovu kwenye mkebe. Kabureta ilikuwa imejaa utandu wa njano. Alinyoosha mkono bila kuangalia, akashika kitu cha kwanza cha kupangusia, na kilikuwa kile kitambaa cha ua la waridi. Nikataka kumzuia. Akapangusia hivyo hivyo. Nikachomoa uzi mmoja wa shaba kwenye waya wa redio, akautumia kuzibua kile kitundu alichoonyeshwa Kawangware, akapuliza, akakitazama kwa jua, akapuliza tena. Midomo yake ilikuwa myeusi kwa oili.

Hapo ndipo Haboba alipopiga kelele.

"Linaongea! Wallahi, linaongea!"

Ua mzima ukamgeukia. Haboba alikuwa ameshika kifua kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka. Na kweli, mimi niliyekuwa karibu nilisikia: pii, pii, kutoka ndani ya leso.

Mama hakuinua kichwa. "Mjibu, Haboba," akasema, akakaza skrubu ya mwisho.

Alichanganya petroli na oili, akamimina, akasimama, akavuta kamba. Ikakohoa. Akavuta tena, ikakohoa zaidi, ikatema moshi wa bluu, na ikanguruma mpaka mabati yakatetemeka. Ai, vile vigelegele! Niliingia ndani nikakuta balbu zinawaka, nikatoka nikamkumbatia Mama na mafuta yake yote, na gauni langu jeupe likaishia hapo. Mayai yakarudishwa kwenye trei moja moja, isipokuwa lile moja la Haboba lililokuwa linalia. Huyo alikataa kata kata. "Hili tumeanza mazungumzo," akasema, akaenda nalo kwake.

Jenereta ilinguruma mchana ule, usiku wake na siku iliyofuata mpaka stima iliporudi, ikizimwa tu ipoe na kunywa petroli, na hakuna aliyelalamika kuhusu kelele. Tangu hapo iliwashwa kila Jumamosi, stima iwepo isiwepo, ikiwa uchi wa mnyama.

Jumanne vifaranga wakaanza kutoka. Si wote, lakini walitoka wengi kuliko tulivyothubutu kuombea, wakawa wanatafuta pa kukaa, na hatukuwa tumewaandalia kitu. Mama alizunguka chumba akitafuta. Kisha akalivuta lile sanduku la bati kutoka mlangoni, akalileta karibu na balbu, akatandika chini vitambaa vyote vya jenereta, vyeupe vya waridi, akawamimina vifaranga humo. Wakavinyea papo hapo.

Haboba aliingia akiwa amemfunika wake kwenye kiganja. Akainama, akamweka na wenzake, akaliangalia lile sanduku. Alikuwa anajua lilikuwa mlangoni kwa ajili ya nini. Ploti nzima ilijua.

"Sasa wewe," alimwambia Mama, "siku ya safari nguo utatia wapi?"

Mama alikuwa anachovya kidole kwenye maji akiwaonyesha vifaranga namna ya kunywa.

"Safari ya kwenda wapi, Haboba?" akasema.