Maziwa ya Mzee Sedekia

Ukinywa ulanzi Mlandege miaka ile ya hamsini na kitu, Mzee Sedekia alikuwa keshajua. Mzee wa kanisa huyo! Pua yake iliinusa pombe hiyo ya mianzi hata kwenye kanzu ya kwaya. Ndiye aliyemfanya Damari, mjane muuza ulanzi, atengwe na meza ya Bwana. Wenzake wakishiriki, mama wa watu anatoka nje akilia.

Mzee mwenyewe je, aliuacha ulanzi? Thubutu! Kila jioni Sedekia alipitia uani kwa Damari, akanywa bure. "Vumilia, mama," humwambia akijifuta midomo, "nitakusemea kwa Mchungaji." Mwaka wa pili huo, hajasema.

Sasa Crispin mpiga picha alikuwa amechoka kupiga watu waliokakamaa mbele ya pazia. Akaanza kuzunguka mitaani akiwapiga walivyo: fundi viatu na misumari mdomoni, akina mama wakipeta mpunga. Picha akazibandika dirishani kwake. Katika mojawapo, Damari anamimina, na Mzee Sedekia kakinga kikombe cha bati, macho kayafumba kwa raha.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mchungaji aliichukua picha ile, akaita baraza la wazee, na Damari akaitwa pia.

"Mzee, hiki unachomiminiwa ni nini?"

Sedekia akaitazama huku jasho likimtoka. Uzee wake wa kanisa ulikuwa unakwenda hivyo. Lakini picha haikuwa na rangi, na kilichomiminwa kilionekana cheupe tu. Moyo ukamtulia.

"Maziwa, Mchungaji. Kifua kinanisumbua."

"Maziwa ya Damari?"

"Ya Damari. Maziwa matupu."

Mchungaji akawageukia wazee. "Kumbe mama huyu tumemtenga kwa kuuza maziwa?"

Loo! Sedekia akauona mtego. Akisema ulanzi, anatengwa yeye. Wazee wenzake wote wanamtazama, na Damari naye anamtazama, hapepesi.

"Ni maziwa," akasema kwa sauti ndogo.

Jumapili iliyofuata Damari alipiga magoti mezani pa Bwana, machozi ya furaha yakimtoka. Jumatatu alimwomba Crispin picha ile, akaitundika juu ya mlango wa mbele, akaendelea na biashara yake. Mzee wa kanisa yeyote akija kumuuliza anauza nini, anamwonyesha kwa kidole.

"Kamuulize Mzee Sedekia," anasema. "Ladha anaijua."