Mwaka Ule Bibi Alipoizima Runinga

Juzi gari langu lilipata pancha hapa Sugar Land, Texas, nikakaa kwa fundi kusubiri, mbele ya runinga iliyotundikwa juu ya mashine ya kahawa. Mara nikausikia muziki. Wewe ungeupuuza, lakini mimi moyo uliniruka. Ilikuwa ile tamthilia ya Waingereza, yenye mtaa mmoja, baa moja, na watu wasioweza kunywa chai bila kugombana. Nikatafuta hata uso mmoja ninaoujua nisiuone. Fundi aliponiambia gari liko tayari, nilimwomba anivumilie kidogo.

Nikueleze, ndugu yangu, ilivyokuwa. Nilikulia Fort Worth na bibi, mama yake mama, kwenye nyumba za kupanga zilizojaa Warundi waliotoka kambi za wakimbizi Tanzania kama sisi. Mama alifia kambini. Kabla hatujamaliza matanga, zamu yetu ya kuletwa Marekani ikafika, na ndege haimsubiri mfiwa. Mama mdogo, aliyemfuata mama kwa kuzaliwa, alikuwa na faili lake peke yake, akabaki. Mimi nilikuwa wa kubebwa bado. Uso wa mama sikuukumbuka, nilichobaki nacho ni joto la mgongo wake.

Jumamosi jioni nyumba yetu ilinuka maharagwe, ndizi na dagaa. Majirani wa juu walifungua madirisha yao, na bibi akasema afadhali, wapate angalau harufu maskini. Kabla ya kupika tulichambua maharagwe kwenye sinia. Maharagwe ya Marekani hayana mawe, lakini bibi aliyachambua hivyo hivyo, maana kwake kupika bila kuchambua ulikuwa uvivu. Kisha alikuja jirani yetu Mkenya, muuguzi wa hospitali, kabla ya kwenda zamu, akiwa tayari kavaa sare. Ndiye aliyetutafsiria tamthilia ile. Binamu yake aliishi London, basi naye akajiona bingwa wa mambo yote ya huko.

“Sasa huyu ameambia huyu atoke kwa baa yake, na asirudi,” alisema.

“Kiswahili chako, binti yangu,” bibi alimjibu, “ndicho chenye mawe.”

Walicheka, tukala. Kiingereza cha bibi kilikuwa “thank you” na “hallelujah” tu, lakini wale watu aliwajua kuliko walivyojijua wenyewe. Aliyempenda kuliko wote alikuwa mama mmoja mnene mwenye hereni kubwa, aliyeuza samaki wa kukaanga na kuwafokea wanawe mlangoni. Bibi alimsalimia akitokea. “Umeamkaje, mama watoto?” alimwuliza, hata kama ilikuwa jioni.

Mwaka ninaokuambia, nikiwa darasa la tatu, mtaa ule wa tamthilia uliingiwa na mdudu. Mzee wa baa alihamia Uhispania. Msichana wa dobi aligongwa na gari. Ndugu wawili waliopatana miaka yote wakagundua kwamba hawakuwa ndugu. Kila Jumamosi bibi alishika kichwa. Na kwetu nako mambo yalibadilika, maana mwaka huohuo mama mdogo alifika.

Bibi alikuwa ameniandaa kwa furaha nyingi mno. “Mama yako anakuja,” aliniambia. Kwenye uwanja wa ndege akatokea mwanamke mwembamba, mwenye aibu, akanifungulia mikono. Nikajificha nyuma ya bibi. Wiki zilizofuata nilimtesa bila kumgusa. Akinisemesha Kiswahili, nilimjibu Kiingereza cha haraka cha shuleni. Akichukua kitana anisuke, nilikimbilia kwa muuguzi. Siku moja bibi aliniagiza nimpelekee chai. “Mpe mama,” akasema. Nikaiweka mezani.

“She's not my mom.”

Mama mdogo Kiingereza hakukijua, lakini hilo, kwamba si mama yangu, alilielewa. Alichukua chai yake akaenda kuinywa ngazini. Jioni nilimsikia akimwambia bibi kwamba Irving, mji wa jirani, kuna wasichana wa kambini wanaofanya kazi hotelini karibu na uwanja wa ndege, wana nafasi chumbani. “Labda niende, mama. Mtoto hanitaki, na kumlazimisha si vizuri.” Usiniulize nilijisikiaje. Nilitaka aende, na nilimwogopa Mungu kwa kutaka hivyo.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa wote mbele ya runinga, hata mama mdogo, kwenye kiti cha karibu na mlango. Watoto wa muuza samaki walimwita mama yao. Akashuka mwanamke mwingine kabisa, mrefu, mwekundu wa nywele. Wakamkumbatia. Mume akambusu.

“Huyu ni nani?” bibi akauliza.

“Ni yule yule, Shosho,” muuguzi akamjibu bibi. “Wame-change actress tu. Yule wa kwanza ame-quit.”

“Ameenda wapi?”

“Hajaenda mahali. I mean, kwa story bado ni yeye.”

“Na watoto hawaulizi?”

“Hawaulizi.”

“Hata mume wake?”

“Shosho, ni TV tu.”

Bibi aliinuka akaizima. Hakuwahi kufanya hivyo, hata padri alipotutembelea. Akasimama kaiegemea, na nikaona analia. “Watu gani hawa,” alisema, “wanaleta mama mwingine bila kumlilia wa kwanza?” Kisha akamtazama mama mdogo, akanitazama mimi, akaketi sakafuni. “Na mimi nimefanya hivyohivyo. Mwanangu sijamganduka.”

Kuganduka ndiyo siku ya kumaliza msiba kwetu Warundi. Ndugu hukusanyika, marehemu anasemwa vizuri mpaka watu wanatosheka, kisha mkubwa wa familia anawaruhusu wafiwa warudi kulima, kuoa, kucheka. Mama yangu hakufanyiwa. Bibi alikuwa amefiwa miaka yote ile, akichambua maharagwe yasiyo na mawe, na hakuna aliyemruhusu kupumzika.

Basi tukaiandaa. Mtama tuliupata duka la Wahindi, na bibi akapika pombe iliyomshangaza hata yeye mwenyewe. Watu waliomjua mama walikuja, wengine wakaendesha kutoka Houston. Muuguzi aliomba ruhusa kazini akaja na sufuria la pilau. Baada ya misa, sebuleni kwetu, kila mmoja akasema lake. Nikasikia kwamba mama alikuwa mkorofi kwenye foleni ya maji. Kwamba alicheka kanisani mpaka akatolewa nje. Kwamba alinibeba hata nilipoweza kutembea, akidai ardhi ya kambi haikustahili miguu yangu.

Mama mdogo alisema mwisho, macho chini. “Dada yangu alinisuka kwa nguvu mpaka nikalia. Mimi si yeye, na siwezi kumwigiza. Nilikuja kwa sababu mtoto wake hana wa kumhadithia.”

Hapo ndipo nilipotoka kwa bibi nikaenda kukaa karibu naye. Nikamwuliza, kwa Kiswahili changu kilichoanza kuota kutu, “Mama mdogo, nafanana naye?”

Alinishika kidevu akaniangalia kwa muda. “Masikio,” akasema. “Na ubishi.” Watu wakacheka, bibi akiwa wa kwanza. Hakwenda Irving.

Leo nyumba zile zimebomolewa, pamejengwa maghala. Muuguzi alistaafu akarudi Nakuru. Bibi tumemzika kwa heshima zote, na siku yake ya kuganduka haikuchelewa. Zile Jumamosi hazipo tena, wala sijui mtu anayechambua maharagwe. Yote hayo yananitia uchungu, sikufichi, lakini nikiyakumbuka nashukuru zaidi kuliko ninavyosikitika.

Mama yangu hakuacha hata picha moja. Lakini binti yangu, aliyezaliwa hapa Texas, anajua nyanya yake alivyotembea, alivyogomba, wimbo aliokosea maneno yake kila Jumapili, na kwamba alichukia bamia. Ananieleza mimi, tena kwa majivuno, kama mtu aliyekuwepo. Nikimwuliza kajuaje, ananishangaa. “Si nimeambiwa na Bibi,” anasema, na kumwonyesha kidole mama mdogo jikoni.