Dakika Mbili za Bure kwenye Phonie ya Mususa

Afadhali niiseme mwenyewe aibu yangu kabla hamjaipata kwa wengine ikiwa imeongezwa chumvi, maana hapa Mususa, mtaa wetu wa Butembo, ukiuliza nyumba ya Masika mshonaji watakujibu kwanza, "Yule wa phonie?", wacheke vizuri, ndipo wakuonyeshe njia. Na imenirudia juzi, wanangu walipokaa mezani kubishana tuchukue internet ya kampuni gani hapa nyumbani, huyu anataja bei, yule mbio, mwingine gigabaiti za bure, nikainuka nikaenda jikoni kucheka peke yangu.

Ilikuwa wakati wa vita, barabara ya Beni imefungwa wiki ya tano, hakuna lori linaloshuka wala kupanda, simu ya mkononi tunaisikia tu kwa waliofika Kampala, na ukitaka kuongea na mtu wa mbali unakwenda phonie, yaani ile redio ya kuitana: ukibonyeza bouton, kile kitufe cha kipaza sauti, unaongea, ukiiachia unasikia, vyote viwili kwa pamoja haviwezekani. Mchumba wangu Kakule alikuwa ameshuka Beni kununua kahawa ya tajiri wake. Padri alishatangaza ndoa yetu kanisani mara mbili, tangazo la tatu lilikuwa lisomwe Jumapili, na aliniambia kwa upole lakini waziwazi kwamba bila neno kutoka mdomoni mwa Kakule mwenyewe hatalisoma. Mtaani walisema amekufa, ama amepata mwingine. Kuna siku nilimwomba Mungu awe amepata mwingine, mradi awe hai, na kuna siku (nisameheni) niliomba kinyume.

Sasa mimi, mnanijua, sinunui hata sindano bila kuzunguka soko zima. Nikachukua daftari nikachora mistari: bei, mbio, faida. Phonie ya kwanza, ile ya karibu na soko, ilikuwa na kijumba chenye mlango na vidude vya kuvaa masikioni, safi kabisa, lakini wanahesabu dakika tangu unapokaa kwenye kiti, Beni iitike isiitike. Ya pili, ya misheni, karibu bure, ila unaandika maneno kumi kwenye karatasi, sista anakusomea, na jibu linakuja kesho au kesho kutwa (na kuna maneno huwezi kumpa sista). Ya tatu ilikuwa uani kwa Papa Mbusa, hatua chache kutoka kwangu: betri za lori, waya mrefu uliofungwa kwenye mikaratusi, Beni inaitika papo hapo, nusu ya bei ya ile ya soko, na ukilipa dakika tatu unapewa tano. Mlango hakuna. Tena wameweka spika barazani, huku na kule Beni, ili wanaosubiri wasikie wakiitwa, nami kwenye daftari nikaandika kwa mkono wangu huu: "sauti kubwa, nzuri".

"Papa," nikamwuliza, "na mutu akiwa na maneno ya siri?"

"Masika, unaona ile moulin? Ikianza kusaga, hata miye mwenyewe sisikiake kitu."

Na kweli, mashine ya jirani ya kusaga muhogo ilikuwa inanguruma mpaka benchi linatetemeka. Nikalipa, nikajiona mjanja kuliko Butembo yote.

Beni ikaitika. Kakule hayupo, wakasema, acha ujumbe tutamtafuta. Nikabonyeza bouton, nikasema lililonileta: padri, Jumapili, kama u mzima jibu, kama hunitaki jibu pia. Dakika moja na nusu, nikamaliza. Mtu mwenye akili angeachia pale akarudi kushona. Lakini nililipia tatu, nikapewa mbili juu yake, na kumwachia Papa Mbusa dakika zangu nilishindwa kabisa, kwa hiyo nikaing'ang'ania bouton (niliamini nikiilegeza tu watanikata), nikapita kwenye bei ya vitenge, nikapita kwenye mvua, kisha nikausikia mdomo wangu unapiga kelele:

"Kakule, miye naogopa! Batu banasema umekufa, banasema umepata mwingine, donc nilibaambia unaniandikiaka. Zile barua ine, ni miye niliandika, na mukono ya kushoto, juu basijue! Nilisema zinakuyaka na ndege, ile ya uwanja ya Mavivi! Niliandika eti unaota sauti yangu! Na mama yako nilimusomea ya pili, akalia na furaha, Kakule, sasa nitamuambia nini?"

Papa Mbusa alikuwa mbele yangu, anafumba na kufumbua vidole vyake vitano. Nikadhani ananikumbusha zile dakika tano. Kumbe alikuwa ananiambia niachie bouton, kwa sababu mashine ilishaishiwa mafuta tangu nilipofika kwenye mkono wa kushoto, na ua mzima ulikuwa kimya unanisikiliza: katekista wetu, wateja wangu wawili, na kwenye benchi la mwisho, kikapu magotini, mama yake Kakule, aliyekuja yeye pia kumtafuta mwanawe.

Nilimwona, na bouton ikaniponyoka.

"Masika!" spika ikalia. "Achia bouton! Tangu mbele ninakuita, unafunga njia! Ni miye!"

Alikuwa Kakule. Mguu ulivunjika lori lilipopinduka huko vijijini kwenye kahawa, na usiku uliopita tu ndipo alipofikishwa kwa mjomba wake, mkabala na phonie ya Beni, akanisikia mpaka kitandani kupitia ile spika, akajikokota na fimbo. Nyuma yake Beni walikuwa wanacheka, niliwasikia mmoja mmoja.

"Niko muzima," akasema. "Ambia padri asome. Na zile barua hapana choma. Nikifika nitaweka signature."

Watu wakapiga makofi, katekista akasema bila kuulizwa kwamba padri hatahitaji shahidi mwingine, nami nikaapa palepale, na nimeshika mpaka leo, kwamba kitu cha bure kinachohesabiwa kwa dakika sikipokei tena hata nikilazimishwa.

Lakini Papa Mbusa akainua kidole kimoja: imebaki moja. Mama yake Kakule alikuwa ameshasimama, hanitazami. Nikampa kile kipaza sauti, nikaweka kidole chake juu ya bouton, nikamwonyesha namna ya kuachia.

"Mwana wangu," akasema, "unakulaka?"

"Ninakulaka, mama."

"Nani anakupikiaka?"

Dakika ikaisha hapo. Akafuta macho kwa pembe ya kitenge, akachukua kikapu chake, akanigeukia.

"Twende kwako, Masika. Unisomee tena ile ya pili."

Nikamsomea, kila neno, naye akalia palepale alipolia mara ya kwanza, safari hii akijua nani aliiandika.