Nirudishe Kwenye Kusubiri

Hospitali kuu ina milango minne, lakini wanaoifahamu watakwambia kuna wa tano, nao ni masikio ya Bi Subiri. Kwa miaka ishirini na tatu mama huyu amekaa kwenye chumba cha simu, ghorofa ya chini, kati ya stoo ya mashuka na ofisi ya fundi mitambo, akimpokea kila anayepiga: "Hospitali kuu, habari, subiri kidogo nakuunganisha." Jina lake la kuzaliwa wanalijua watu wa mishahara tu. Wengine wote, kuanzia mganga mkuu hadi wafagizi, wanamwita Bi Subiri, naye anaitika.

Kazi hiyo imempa ugonjwa mmoja. Kila mtu na kila mahali anapapima kwa jinsi simu inavyopokelewa. Duka likiita mara sita bila kujibiwa, hapo hanunui hata wagawe bure. Fundi bomba akisema "Eeh, nani?" badala ya salamu, bomba litavuja mpaka apatikane mwingine. Hata mumewe, dereva wa malori ambaye wiki ile alikuwa safarini, alimkubali kwa sababu siku ya kwanza kumpigia alisema "Nakusikiliza," na kweli akasikiliza.

Sasa huyo ndiye aliyepewa kazi ya kuchagua chuo kikuu cha muziki.

Binti yake wa pekee ana miaka kumi na tisa, na anapuliza filimbi, ile ndefu ya chuma inayolazwa ubavuni. Wengi wenye filimbi kama hiyo hupiga kilichoandikwa kwenye karatasi, wakimaliza wanainama, wanapigiwa makofi, basi. Huyu anapiga jazi. Anauchukua wimbo, anautembeza kidogo kwa heshima zote, kisha anauacha njiani na kushika njia yake mwenyewe, akibuni papo hapo, na wewe msikilizaji umebaki mdomo wazi ukijiuliza kama atarudi. Hurudi. Vyuo vikuu viwili alivyovitumia maombi na rekodi yake vilikuwa vimemkubali katika idara zao za muziki, na vyote vilitaka jibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Cha kwanza ni kile ambacho ukikitaja, watu hukaa vizuri kwenye viti. Barua yake ilikuja kwenye karatasi nzito yenye muhuri wa kung'aa. Cha pili ni kidogo, kiko mbali, idara yake imo kwenye jengo lililokuwa kiwanda cha uchapaji, na barua yake ilikunjwa upande kama iliyokunjwa kwenye goti. Na kukosea hapa si mchezo. Walimu wa jazi wanaoijua filimbi ni wa kutafuta kwa tochi. Mwanafunzi akitumbukia kwenye idara isiyo na haja na jazi yake, miaka minne atapiga ya karatasi mpaka ile njia yake iote majani. Binti alilijua hilo vizuri, ndiyo maana Jumatano nzima alizihamisha barua mezani, hii huku, ile kule, mwisho akasema, "Mama, chagua wewe."

"Mimi? Mimi nakijua nini cha muziki?"

"Wewe unajua watu."

Hapo alimpata. Mzazi gani ataambiwa hivyo na mwanawe akatae? Alhamisi Bi Subiri alifika kazini kabla ya wakati, meno yote nje, na mapumziko ya saa nne yalipofika akamwomba mwenzake wa zamu ashike laini za nje. Akapiga chuo cha kwanza.

Simu iliita mara mbili tu. "Idara ya Muziki, habari za asubuhi, tukusaidie nini?" Sauti ilikuwa laini, haina haraka wala usingizi. Bi Subiri nusura asimame kwa heshima. Aliambiwa atasubiri kwa muda gani, na akasubiri muda huohuo. "Rekodi ya binti yako imepokelewa kwa ukamilifu, mama. Karibuni sana."

Akapiga cha pili. Iliita mara kumi na nne. Kisha ukasikika mshindo, na mwanamume akapiga kelele, "Nani? Ngoja! Shika mguu! Nasema shika mguu! Si wewe, mama, ni piano!" Laini ikakatika.

Bi Subiri alivua hedifoni polepole. "Umesikia hayo?"

"Si wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza?" alisema mwenzake. "Hicho hata kutembea hakijui, dada."

Wakacheka mpaka wakashika meza. Kesi imekwisha. Akampigia binti nyumbani: "Mwanangu, nimeshakuchagulia! Kile kikubwa! Yaani wana mapokezi, mapokezi kwelikweli!"

Binti alijibu, "Sawa, Mama."

Sasa, Bi Subiri anazijua "sawa" za kila aina. Kuna sawa ya mtu aliyeelewa, na kuna sawa ya ndugu aliyeambiwa mgonjwa wake hatatoka leo. Hii aliisikia vizuri ni ya aina gani. Lakini alikuwa amefurahi, na mtu aliyefurahi huwa hana nafasi ya kusikia. Kufikia saa sita hospitali nzima ilikuwa na habari, duka la dawa walimpongeza, maabara walimpongeza, na mpishi mkuu alitaka kujua kama filimbi ndiyo ile ya marefa.

Saa nane ndiyo saa mbaya kwenye chumba cha simu, maana ndugu wote huulizia wagonjwa wao kwa mpigo. Taa za ubao wa simu ziliwaka kama vile zimegombana. Katika vurugu hiyo taa moja ikawaka, Bi Subiri akasema, "Hospitali kuu, habari, subiri kidogo nakuunganisha," na kidole kikabonyeza kitufe cha kusubiri kabla mtu wa upande wa pili hajasema hata anamtaka nani. Ni kosa la wapokea simu peke yao. Kidole kikishazoea hakingoji akili. Mara dereva wa gari la wagonjwa akaita, mara wodi ya wazazi, na yule mtu akaachwa anasubiri dakika saba.

Anayesubiri kwenye laini ile husikilizishwa muziki. Zamani ulikuwa mlio wa kengele uliomkera hata asiyeumwa, mpaka mwaka jana fundi mitambo alipochoka na lawama na kusema, "Bi Subiri, si una mtoto anapuliza? Alete kitu cha kutuliza watu." Binti alirekodi bafuni kwao, kwenye mwangwi mzuri. Dakika ya kwanza alituliza watu kama alivyoagizwa. Dakika ya pili aliwasahau kabisa. Tangu hapo wapo wapigaji wanaolalamika kwamba siku hizi wanaunganishwa haraka mno.

Bi Subiri alipokumbuka ile taa, aliibonyeza haraka. "Samahani sana, nimekuweka muda mref..."

"Mama, tafadhali," mwanamume alimkatiza, "nirudishe kwenye kusubiri."

"Unasemaje?"

"Kuna mtu anapuliza filimbi humo. Alikuwa ndiyo kwanza ameuacha wimbo! Nirudishe nisikie ametokea wapi!"

Ile sauti aliitambua, ya mguu wa piano. Alikuwa mwalimu wa jazi wa kile chuo kidogo, amerudisha simu kwa namba aliyoiona. Bi Subiri akamrudisha, akahesabu dakika mbili, akamtoa.

"Nani huyo?" mwalimu aliuliza, hata salamu hana.

"Ni mwanangu. Ndiye yule wa filimbi mliyemkubali, niliyekupigia kwa ajili yake asubuhi."

Upande wa pili ikasikika kofi, mtu amejipiga pajani. "Nilijua! Niliwaambia hapa! Rekodi aliyotuletea nimeisikiliza mara tatu, mama. Ilikuwa na adabu mno. Wenzangu wakasema anajua noti, mimi nikasema huyu anaficha kitu. Kumbe alikificha hospitalini! Lakini mwambie, kila akikaribia kutoroka anapunguza sauti, kama mtu anayeangalia nyuma. Anamwogopa nani?"

Jibu Bi Subiri alikuwa nalo, ila hakulipenda. Akamwomba asikate. Kwa laini nyingine akakipigia chuo kikubwa. Iliita mara mbili.

"Samahani, ile rekodi ya binti yangu, nani ameisikiliza?"

"Imepokelewa kwa ukamilifu, mama, na imehifadhiwa."

"Najua. Nani ameisikiliza?"

Ile sauti nzuri ilipekua karatasi. "Amekubaliwa kwa alama zake za nadharia, mama. Ni alama nzuri sana." Haikudanganya, haikukosa adabu, na Bi Subiri akaishukuru. Kisha akampigia binti.

"Mwanangu, nimekosea. Nilichagua mpokea simu, sikuchagua mwalimu. Na asubuhi nilikusikia, nikajifanya sijasikia. Sasa sichagui tena. Kuna mtu hapa nakuunganisha naye, ukimaliza useme mwenyewe unataka wapi."

"Nani, Mama?"

"Mtaelewana."

Akawaunganisha. Sheria ya kazi ni moja, ukishaunganisha unatoka kwenye laini, na kwa miaka yote hiyo hajawahi kuivunja. Siku ile taa iliwaka dakika kumi, ishirini, arobaini. Mwenzake akamchokoza, "Si uchungulie kidogo tu, dada, wewe ni mzazi." Bi Subiri akaikalia mikono yake.

Taa ikazima. Ikawaka nyingine.

"Mama! Nimesema ndiyo! Cha piano!"

Bi Subiri alipiga kigelegele hadi fundi mitambo akatokeza mlangoni na bisibisi mkononi. Habari za duka la dawa na maabara zingerekebishwa baadaye, aibu haiui.

"Unajua kaniuliza nini?" Binti alikuwa anahema kwa furaha. "Kaniuliza ninapouacha wimbo huwa nawaza nini. Nimeongea mpaka mdomo umekauka! Mama, hakuna mtu amewahi kuniuliza hilo."

Hilo lilimwingia Bi Subiri hadi ndani. Miaka tisa amemsikia mtoto huyu kupitia mlango wa bafu, akasema "vizuri," akasema "inatosha, njoo ule," na siku nyingine akasema "punguza, majirani." Furaha yake haikupungua hata kidogo, ila sasa ilikuwa na kidonda ndani yake. Ubao ulikuwa unawaka taa nne. Mwenzake alimwangalia usoni mara moja, akazivuta laini zote upande wake bila kuambiwa.

"Basi niambie na mimi," alisema Bi Subiri. "Huwa unawaza nini?"

Binti alicheka kwanza, kwa haya, kisha akaanza kueleza, na mama yake akasogeza kiti akasikiliza.