Editha na Vazi la Godoro

Editha, msusi wa Kimamba, hakuwahi kushona hata kifungo. Lakini aliposikia kuna tamasha la mavazi ya mashujaa kule Mikumi, aliamua kujitengenezea la kwake. Alikata godoro kuukuu kwa kisu cha jikoni, akapata kifua, mapaja na mabega mapana, akayapaka rangi ya kijani. Kwa kuwa zipu hakuiweza, alijibandika vipande hivyo juu ya nguo kwa gundi ya viatu. Kichwani akavaa ndoo aliyoitoboa macho.

Alipendeza, ila hakuweza kukaa. Doto wa bodaboda ikabidi amlaze nyuma ya pikipiki na kumfunga kwa mpira wa mizigo.

Hawajafika mbali, ng'ombe wa Mzee Sapit wakaziba njia. Mmoja akaanza kumtafuna paja.

"Shikamoo, mzee," Editha akasema akiwa ndani ya ndoo.

Mzee Sapit akamgeukia Doto. "Mzigo wako unaniamkia."

"Ni Editha, mzee. Amekuwa shujaa."

"Shujaa wa nini?"

Doto akaigeukia ndoo. Editha mwenyewe hakuwahi kulifikiria hilo.

"Wa nywele," akasema.

"Marahaba," mzee akajibu, akawaswaga ng'ombe wake.

Editha alifika Mikumi na paja moja, na watu wakapanga foleni kupiga naye picha. Kazi ilikuwa kumvua aliporudi Kimamba. Wateja wake walimpaka mafuta ya nywele mpaka gundi ikaachia. Siku hizi, anayekuja kusukwa hukalia kifua cha shujaa, na wanasema ni laini kweli.