Furaha na konokono zake za Shabunda

Sijaamini bado. Ni siku tisa tangu tumuzike Furaha, na kila asubuhi ningali natafuta jina lake kwenye telefone.

Kwa bale hamukumujua: Furaha alikuwa anasoma konokono. Ndiyo, konokono! Hapa Bukavu batu balikuwa banamuita Maman Konokono, na yeye anacheka pamoja nabo.

Yeye njo alianzisha groupe yetu ya WhatsApp, ya batu banaosoma konokono na kome. Kila bourse ya masomo, kila stage ya kujifunza kazi, kila kazi kwenye labo fulani ya mbali, yeye wa kwanza kutuma. "Deadline ni Ijumaa, musilale!"

Bourse yangu niliipata kwa sababu yake. Nilikuwa nimekata tamaa. Akakaa pembeni yangu mpaka nikatuma dossier ya maombi.

Mwaka huu ilikuwa zamu yake. Alirudi kutoka Shabunda na valise yake ya safari, imejaa maganda ya konokono za pori. Aliamini aina moja haijaandikwa popote duniani. Mukutano mukubwa wa batu ba sayansi ukakubali poster yake ya utafiti. Alinipigia simu, analia na kucheka.

Kisha homa ikamukamata akiwa kwa shangazi yake, kule Katana. Siku ine tu, akatutoka.

Munisamehe kama hii inayofuata nitaieleza vibaya.

Kiisha mazishi, mama yake aliniita kwake, kule Bagira, tupange vitu vyake. Saa nane ya muchana, jua kali, batoto banacheza inje. Chumba kilikuwa kimefungwa tangu aende Katana.

Tukasikia kitu chini ya kitanda. Krrr. Krrr. Kama mutu anakwaruza karatasi na ukucha.

Maman wa Furaha akanishika mukono. Akaita pole pole: "Furaha? Ni weye?"

Kisha ikaanza tena.

Nikavuta valise ya maganda pale chini. Mvua ilikuwa imepita kwenye ukuta, ikailowesha. Yale maganda Furaha alidhani ni matupu, konokono zilikuwa zimelala tu ndani. Sasa zimeamka, zinatembea juu ya nguo zake. Na zilikuwa zimekula etiketi za karatasi alizoweka kwa kila ganda. Zote. Numero, pahali, maandishi yake.

Konokono bila etiketi haina faida kwa sayansi. Hakuna anayejua imetoka wapi. Nikakaa chini nikalia.

"Hakuna mutu Furaha alimuelezea pahali alizitoa?" Maman akauliza.

Mimi. Alikuwa ananitumia vocal ndefu za WhatsApp, sauti yake mwenyewe, kutoka pori, na mimi, Mungu anisamehe, sikuwa nazisikiliza.

Nikafungua ya kwanza. "Numero moja. Chini ya muti ulioanguka, karibu na muto. Ganda ya manjano, imepasuka kidogo mudomoni…" Sauti yake, mule chumbani.

Furaha anataja, mimi natafuta, Maman anaandika. Maman, mwenye hakuwahi kuelewa kazi ile, anaandika etiketi za mutoto wake moja moja.

Kwenye vocal ya mwisho, maneno yake yalikatika katikati. "Ganda nyeusi, iko… subiri."

Majani yanakanyagwa. Kisha Furaha, kwa heshima, kama anasalimia muzee: "Karibu, papa. Unatafuta nani?"

Sisi hatukusikia jibu.

Kisha anacheka kidogo, kama mutu amejibiwa: "Aa! Njo miye, miye Furaha."

Ikaishia pale.

Nimemupigia guide wake, mwenye alimuongoza kule pori. Alikuwa anamungojea kwenye njia, na njia ni moja. Anasema siku ile hakuona mutu akipita.

Maman alitaka kusikia tena. Mara tatu. Niliogopa kumuangalia. Kisha akafuta macho na kusema: "Hakuogopa. Unasikia sauti yake? Mutoto wangu hakuogopa."

Furaha, mukutano umenikubalia nipeleke poster yako. Jina litakaa lako peke yako. Nitasimama pembeni ya poster, na bakiniuliza, nitabaambia ulivyonifundisha.

Ndugu yangu, sijui ulimujibu nani. Naomba tu, kama ni yeye alikuja kukuchukua, awe alikuongoza pole pole.

Lala kwa amani, Furaha. Lala muzuri.