Burek ya Koko Mira na ya Papa Halil

Ilianza Alhamisi moja ya Juni 2016, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Nina hakika na saa kwa sababu niliiandika katika daftari hilihili. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Enzi hizo, watoto wa mtaa wetu wa Turffontein tuliruka kamba barabarani mpaka magoti yakawa meupe kwa vumbi na baridi. Wadogo zetu wa leo ukiwatuma mkate kwenye kiduka cha spaza, wanatafuta kwanza chaja ya simu! Sisi wazee wa miaka kumi na minne tunawaangalia tu.

Mama alikuwa fundi wa nguo. Kushoto kwa chumba chake cha kushonea aliishi Koko Mira, bibi kizee wa Bosnia. Kulia, Papa Halil, Mturuki, alioka mikate. Mama ni mtu wa Bukavu, na sheria yake ilikuwa moja: "Mukubwa akisema, mutoto anaitika."

Basi siku hiyo Papa Halil alinipa kipande cha moto, unga mwembamba wenye jibini ndani, siagi ikanitiririka hadi kwenye kiwiko.

"Hii ndiyo burek yenyewe. Sivyo, binti?"

"Ndiyo, Papa."

Sikumaliza hata kulamba vidole, Koko Mira akaniita. Yake ilizungushwa kama konokono, nyama na kitunguu.

"Burek ni ya nyama tu. Ya jibini si burek. Sivyo?"

"Ndiyo, Koko."

Eish! Jumamosi waliingia kwa Mama pamoja, kila mmoja na sinia lake.

"Mtoto ni shahidi wangu!" akasema Papa Halil.

"Wako? Ni wangu!"

Mama akasimamisha cherehani. Mimi sikuwa na rafiki shuleni. Milango ambako nilizoea kuitwa ilikuwa hiyo miwili tu. Nikiikosa, nani angeniita tena?

"Niliwadanganya wote wawili," nikaviambia viatu vyangu. "Niliogopa kuwakosoa."

"Kumbe ana sauti!" akasema Koko Mira, na Papa Halil akacheka mpaka akakaa juu ya vitambaa vya Mama.

Tulikula yote. Papa alieleza kwamba neno ni la Kituruki, na husemwa latokana na kukunja au kusokota: kunja unga, ndani tia upendacho. Koko akasema Waturuki walilifikisha kwao, wao wakaliwekea nyama peke yake. Ya jibini huiita sirnica. Na Wabulgaria je? Hao huita burek hata pilipili hoho iliyojazwa jibini. Hapo tu ndipo walipopatana: Wabulgaria wamepotea kabisa.

Koko amehamia Midrand kwa mwanawe. Siku hizi neno likiwatatiza, wadogo zetu huuliza simu, nayo huwajibu bila kuwapa hata kipande.

Jumapili ile asubuhi, kabla ya ibada, nilikwenda kugonga kwa Papa Halil bila kuitwa.

"Papa, jibini ya jana ilizidi chumvi."

Halafu nikabaki palepale mlangoni, sikukimbia.